UZI MAALUMU: Namna ya kufuatilia historia ya gari adimu la michezo la Kiingereza (Jaguar, Bentley, MG, Aston Martin, Austin-Healey)

Kabureta

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi humu jukwaani mtu aliweka picha ya Jaguar E-Type, watu wakaanza kubishana kama ni halisi au ni ya kuungaunga. Wengi walikuwa wanaangalia rangi, viti na rimu. Nimeona nifungue uzi wake kabisa, maana hii ndiyo kazi inayoniweka mjini. Nipo Coventry, Uingereza, napiga bodi kwenye gereji inayofufua magari ya zamani ya Kiingereza, na kabla bati halijaguswa huwa tunakaa kwanza mezani na makaratasi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Gari la namna hii halitambuliwi kwa injini, halitambuliwi kwa bodi, na kibati cha namba peke yake hakitoshi. Linatambuliwa kwa mnyororo: lilitoka kiwandani lini, likapelekwa kwa nani, huyo akamuuzia nani, liligongwa wapi, nani alilijenga upya, mpaka kufika kwa huyu anayekuonyesha funguo leo. Pete moja ikikatika, hapo ndipo wajanja wanapopenyeza mkono.

Kwa wanaojiuliza kuna faida gani kuhangaika hivyo: Aston Martin DB4GT Zagato zilitengenezwa 19 tu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Moja yake, yenye usajili 2 VEV, iliuzwa mnadani Goodwood mwaka 2018 kwa pauni milioni 10 na ushee. Na gari hilo hilo lilivunjika vibaya mashindanoni Spa mwaka 1962, likajengwa upya. Ajali haikulishusha thamani kwa sababu kila kilicholipata kinajulikana.

Nitaendelea kwa vipande. Wenye maswali karibuni.

Mtoto wa Ngamiani

Naweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

Kabureta

Tuanze na daftari la kiwanda, maana kila kitu kinaanzia pale.

Viwanda vingi vya Kiingereza vilikufa au vilimezwa na vingine, ila madaftari ya baadhi yake yalipona. Gaydon, huko Warwickshire, ndipo yalipo ya MG, Austin-Healey, Triumph na ndugu zao, chini ya British Motor Industry Heritage Trust. Jaguar wana hazina yao, Jaguar Daimler Heritage Trust. Ukilipa ada na kuonyesha kwamba gari ni lako, wanakutolea cheti kilichonakiliwa kutoka kwenye daftari la siku ile. Cha Jaguar kinakupa namba ya chesesi, ya injini, ya bodi na ya giaboksi, rangi ya nje na ya ndani, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kutoka kiwandani, na wakala wa kwanza aliyelipokea.

Sasa chukua E-Type ya 3.8, ile ya kuanzia 1961. Namba ya chesesi peke yake inaongea. Ya wazi yenye usukani wa kulia ilianzia 850001. Kupe (ile yenye paa la kudumu) ya usukani wa kulia, 860001. Ya wazi ya usukani wa kushoto, 875001, na kupe ya kushoto, 885001. Kwa hiyo mtu akikuletea gari la wazi lenye namba inayoanza na 876 na usukani uko kulia, kuna mawili: ama lilirudishwa kutoka nje, mara nyingi Marekani, likahamishwa usukani, ama namba hiyo imetoka kwenye gari lingine. La kwanza si kosa, mradi liandikwe na bei ishuke. La pili ni wizi.

Injini nayo ina lugha yake. Namba inaanza na R na inamalizika na kistari kisha 8 au 9, yaani kiwango cha mgandamizo, 8 kwa 1 au 9 kwa 1. Cheti kikisema -9 na wewe unaona -8, injini imebadilishwa, hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mama yake.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni mahali namba ya chesesi ilipogongwa. Kwenye E-Type imegongwa kwenye fremu ya mbele, upande wa kulia, juu ya inapofungwa shokapu. Fremu ile imefungwa kwa bolti kwenye bodi. Ukiwa na spana na siku mbili tatu unaweza kuifungua na kuihamishia kwenye bodi nyingine. Ndiyo maana sisi hatuishii kwenye fremu. Tunatafuta namba ya bodi, ya giaboksi, ya injini, tunazipanga nne zote mbele ya cheti. Tatu zikikubali na moja ikakataa, unauliza ile moja ilibadilishwa lini. Moja ikikubali na tatu zikakataa, unauliza hiyo moja ilifikaje hapo.

Shokapu Mbovu

Mkuu swali. Hapa kwetu mtu akinunua gari anabadilisha injini, anabadilisha giaboksi, anapiga rangi nyingine, na kadi inabaki ile ile. Sasa kama injini si ya mwanzo, bodi si ya mwanzo, na hata chesesi imewekwa nyingine, hiyo historia ni ya gari gani?

Kabureta

Swali lako lilifika Mahakama Kuu ya Uingereza mwaka 1990, na nalipenda kuliko maswali yote ya kazi hii. Kaa vizuri.

Bentley Speed Six yenye usajili MT 3464 ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929 ikiendeshwa na Woolf Barnato na Tim Birkin. Mwaka uliofuata ikashinda tena, Barnato safari hii akiwa na Glen Kidston. Gari moja, ushindi wa miaka miwili mfululizo. Likabatizwa Old Number One. Mwaka 1931 likashinda mbio za maili 500 za Brooklands. Mwaka 1932 likajengwa upya kwa mbio hizo hizo, chesesi nyingine, injini kubwa ya lita 8. Clive Dunfee alikuwa usukani siku ile, gari likapanda juu ya ukingo wa njia na kutoka nje, akafa. Baada ya hapo mabaki yakajengwa tena, kwa umbo la kupe.

Miaka ikapita. Mwaka 1990 mmiliki wake, Edward Hubbard, akakubaliana na kampuni ya Middlebridge Scimitar kuliuza kwa pauni milioni 10. Wanunuzi wakarudi nyuma, wakasema hii si Old Number One. Hubbard akawapeleka mahakamani.

Ushahidi wa kitaalamu ulikuwa mkali. Kutoka gari la 1929, hakuna kilichobaki kinachoweza kuthibitishwa, ukiacha vitu vidogo visivyojulikana ni vya mwaka gani. Kutoka lile la 1930, vitu vitatu: shafti ya pedali, kasha la giaboksi na mhimili wa usukani. Sehemu kubwa ya kilichosimama pale ilikuwa ya 1932, lile lililomuua Dunfee: fremu, springi, eksoli ya mbele, ile injini ya lita 8.

Jaji Otton akasema gari ni halisi. Sababu yake ni kwamba hakukuwa na siku ambayo gari lilikoma kuwepo kisha likazuka jingine badala yake. Lilibadilishwa hatua kwa hatua, mashindano kwa mashindano, na kila badiliko lina kumbukumbu. Hakuna gari lingine duniani linaloweza kusimama na kudai jina lile. Hubbard akashinda kesi.

Mimi naona jaji alikuwa sahihi. Gari la mashindano likirudi limevunjika unalifungua, unatupa kilichopinda, unaweka kipya, wiki ijayo linaingia tena njiani. Ukisema kila kipande kipya kinalifanya gari jingine, basi hakuna gari la mashindano lililowahi kumaliza msimu.

Wakili wa Posta

Naomba kuongeza hapo kwa mtazamo wa kisheria. Ile ilikuwa kesi ya mkataba. Mahakama haikuulizwa kama vyuma ni vile vile. Iliulizwa kama muuzaji anatoa kile alichoahidi. Aliahidi gari linalojulikana kama Old Number One, na ndilo alilokuwa nalo. Angeahidi "gari lililoshinda Le Mans 1929 likiwa na injini na chesesi yake ya siku ile", angeshindwa asubuhi na mapema. Kwa hiyo mnaonunua magari haya, hata kama ni Vitz, someni maneno ya makubaliano kabla ya kusoma kibati.

Kabureta

Wakili, hilo ni la msingi na nashukuru umelileta. Ndiyo maana kwenye minada mikubwa maelezo ya gari yanajaza kurasa kadhaa. Kila neno limepimwa.

Shokapu Mbovu

Nimeelewa. Ila basi mtu anaweza kuchukua kasha la giaboksi la gari maarufu, akajenga gari zima kuzunguka pale, akasema ni lenyewe.

Kabureta

Anaweza kujaribu, na wamejaribu sana. Jaguar D-Type ndiyo iliyoumia zaidi, kwa sababu fremu ya mbele inatengana na bodi. Gari lilikuwa likigonga mashindanoni, fremu inawekwa mpya, ile iliyopinda inatupwa pembeni ya gereji. Miaka mingi baadaye mtu anaikuta, anainyoosha, anaijengea gari. Sasa yapo mawili, yote yanadai namba moja. MG K3 ya 1933 nayo zilitengenezwa 33 tu, ila K1 na K2 kadhaa, ndugu zake, zimegeuzwa kuwa mfano wake.

Tofauti na Old Number One ni ule mnyororo. Huyu aliyejenga kutoka kwenye kipande hana jibu la swali dogo: gari lilikuwa wapi kwa miaka yote hiyo katikati, na kadi yake ilikuwa kwa nani?

Na hapo tunaingia kwenye kadi.

Uingereza walianza kusajili magari tarehe 1 Januari 1904, na kila halmashauri ilikuwa na daftari lake na herufi zake. Usajili wa mtindo wa herufi mbili au tatu na namba, angalia herufi mbili za mwisho: ndizo zinazokwambia mahali. OJ ni Birmingham. HP na RW ni Coventry. PD ni Surrey, EV ni Essex, MT ni Middlesex. Kwa hiyo zile E-Type mbili za kwanza maarufu zilizokuwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva Machi 1961, 9600 HP na 77 RW, zilisajiliwa nyumbani kabisa. Hiyo 77 RW ndiyo Norman Dewis, dereva wa majaribio wa Jaguar, aliyoambiwa aiache kazi aliyokuwa anaifanya nayo na aikimbize usiku kucha kutoka Coventry mpaka Geneva, kwa sababu waandishi walikuwa wamepanga foleni kuijaribu.

Kadi za zamani zilikuwa vitabu. Kila mmiliki mpya jina lake, anwani yake, na muhuri wa halmashauri. Ukipata kitabu cha kwanza cha gari umepata nusu ya kazi. Shida ni kwamba kitabu kikijaa au kikipotea linatolewa jipya, na majina ya mwanzo yanabaki kwenye lile la zamani.

Mwaka 1974 usajili ukahamia kwenye kompyuta huko Swansea. Wamiliki walitakiwa wapeleke kadi zao ziingizwe, na mlango ukafungwa mwishoni mwa Novemba 1983. Gari lililokuwa limelala bandani muda wote huo likapoteza namba yake. Leo unaweza kuidai, utaratibu upo, unaleta hati ya zamani inayofunganisha namba na chesesi, na klabu inayotambulika inathibitisha. Ukiipata, huwezi tena kuihamishia gari jingine.

Kinachonisikitisha ni madaftari ya halmashauri. Baada ya kompyuta kuja, mengine yalitupwa. Yaliyopona yapo kwenye nyaraka za kaunti, na mengi yalikusanywa na Kithead Trust pale Droitwich. Kuna magari ambayo historia yake inaanza miaka ya 1970 kana kwamba yalishushwa kutoka mbinguni, na sababu ni kwamba ukurasa wake uliishia jalalani.

Bi Mkubwa wa Seeb

Kabureta, mwanangu, Mungu akuzidishie. Nasoma kutoka Muscat. Huku wapo vijana wenye uwezo wananunua haya magari na yakifika tu wanayapaka rangi upya, yanang'aa kama sahani. Je ni vizuri au wanajiharibia?

Kabureta

Shikamoo mama. Wanajiharibia, na naomba uwafikishie.

Rangi ni shahidi. Gari likija kwetu, kabla ya kulivua, natafuta mahali ambapo mpakaji wa zamani alifanya uvivu: chini ya mpira wa mlango, nyuma ya taa, upande wa ndani wa kifuniko cha mafuta. Napiga msasa mwepesi wenye maji, duara dogo kama sarafu, na zile rangi zinajitokeza moja ndani ya nyingine, ya karibuni katikati ikiwa imeshaondoka na ya kiwandani ikiwa chini kabisa juu ya praima. Kuna E-Type iliyokuja kwetu nyekundu, cheti kinasema ilitoka fedha ya kumetameta. Chini ya mpira wa mlango wa kushoto fedha ikatokea. Bawa la kulia la mbele halikuwa na fedha hata chembe, praima na nyekundu basi. Tukajua bawa lile liliwekwa jipya, na picha ya zamani aliyokuwa nayo mwenye gari ikaonyesha limegongwa upande ule ule. Angelileta limeshachunwa mpaka bati, mimi ningekuwa na nini cha kumwambia?

Tazameni Austin-Healey yenye usajili NOJ 393. Ndiyo iliyoendeshwa na Lance Macklin Le Mans tarehe 11 Juni 1955, ikagongwa kwa nyuma na Mercedes ya Pierre Levegh, ile ajali iliyoua watazamaji zaidi ya 80. Vyombo vya dola vya Ufaransa vililishikilia gari kwa uchunguzi. Lilipopigwa mnada Desemba 2011 lilikuwa halijafufuliwa, chakavu, rangi imechoka. Liliuzwa pauni 843,000. Watu walinunua ule uchakavu, kwa sababu ndani yake kuna kila lililotokea.

Turbo Kinondoni

Mkuu na hizi ambazo kiwanda chenyewe kinazitengeneza upya leo? Niliona Jaguar wameuza XKSS mpya.

Kabureta

Ni kweli. XKSS ilitokana na D-Type zilizobaki bila wateja, zikageuzwa kuwa za barabarani. Tarehe 12 Februari 1957 kiwanda cha Browns Lane kikaungua, tisa zikateketea, zikabaki 16 tu zilizofika kwa wateja. Steve McQueen alikuwa na moja. Mwaka 2016 Jaguar wakatangaza watajenga tisa kufidia zile za moto. Kabla ya hapo walijenga E-Type nyepesi sita: mwaka 1963 walipanga 18, wakatengeneza 12, namba sita za chesesi zikakaa bure nusu karne. Aston Martin nao waliwahi kufanya hivyo na Zagato nne mwaka 1991, kwa namba zilizokuwa hazijatumika.

Mimi sina ugomvi nazo. Kiwanda kinasema waziwazi zimejengwa lini. Ugomvi wangu ni miaka 40 ijayo, zikishauzwa mara nne au tano na makaratasi yakapungua njiani. Mwenye nayo leo atunze kila risiti.

Otieno_Ngong Road

Boss, nimesoma yote. Nauliza kitu serious. Hapa Nairobi kuna mzee jirani ana MGA imekaa garage toka sijazaliwa. Anasema ni Twin Cam, lakini fundi aliyeangalia anasema injini ni ya kawaida kwa hivyo mzee anaota. Kila mwaka tukienda Concours, yale maonyesho ya magari, pale Ngong Racecourse naona MG zimepangwa, nafikiria hii gari ingekuwa pale. Nitajuaje?

Kabureta

Otieno, usimwache mzee wako akavunjika moyo mapema.

Twin Cam, yaani MGA yenye injini ya kemu shafti mbili, zilitengenezwa 2,111 tu, 1958 mpaka 1960. Zilikuwa na tatizo la kuchoma pistoni, na wamiliki wengi walichoka wakatoa ile injini wakaweka ya kawaida. Kwa hiyo injini ya kawaida haithibitishi chochote. Angalia magurudumu: Twin Cam ina rimu za chuma za Dunlop zinazofungwa kwa nati moja katikati, si spoku. Na breki ni za diski zote nne. MGA 1600 ya kawaida ina diski mbele na ngoma nyuma.

Kisha nenda kwenye kibati chini ya boneti, kwenye ukuta wa injini. Twin Cam inaanza na Y: YD kwa ya wazi, YM kwa kupe. Tarakimu inayofuata ikiwa 2, ilitengenezwa kwa ajili ya nje, usukani wa kulia, ambayo ndiyo ningetarajia kwa gari lililoletwa Kenya likiwa jipya.

Otieno_Ngong Road

Nimerudi. Rimu ni hizo za nati moja, hakuna spoku. Tumetoa gurudumu la nyuma, ni diski. Lakini kibati kinaanza GHN. Fundi anacheka.

Kabureta

Mwambie fundi asubiri kidogo.

GHN ni MGA 1600 ya wazi, kwa hiyo kwa kibati hicho si Twin Cam. Lakini Twin Cam ilipositishwa, Abingdon, kiwandani kwa MG, walibaki na chesesi, breki na rimu zake. Wakazifunga kwenye 1600 zenye injini ya kawaida, wakaziita De Luxe. Jumla yake hazifiki 400. Ni adimu kuliko Twin Cam yenyewe.

Uwezekano ni miwili. Ama mzee ana De Luxe bila kujua, ama zamani mtu alichukua 1600 akafunga vifaa vya Twin Cam iliyokufa. Kwa macho hatutamaliza ubishi. Fanya hivi: usiguse riveti za kibati, usisugue, usipake kitu. Piga picha kibati, namba ya injini, breki zote nne, na fremu kwa chini. Mwombe mzee kadi ya gari, na karatasi yoyote ya zamani hata kama ni risiti ya tairi. Kisha mwandikie Gaydon kwa jina lake yeye, si lako, akiomba cheti cha gari hilo. Muulizeni pia mzee alinunua kwa nani, na huyo naye alinunua kwa nani, mrekodi kwa simu akiwa anaongea.

Nitumie picha PM leo, za fremu kwanza.